Mikoko, mwamba au mto? Tunapanga kurudisha uhai pwani yote ya Tanga, naomba mawazo

KatibuTongoni:

Assalam alaikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi na pwani, huku Tongoni, upande wa kusini wa Jiji la Tanga. Nje ya ukatibu nalima mwani, na maji yakitoka naingia na wenzangu kutafuta pweza. Naleta jambo ambalo ni kubwa kuliko kikundi chetu, na nataka nifike kikaoni nikiwa na hoja za kutosha.

Mwezi ujao zinakutana BMU za kuanzia Mkinga mpaka Pangani, pamoja na watu wa misitu, wa uvuvi, wa hifadhi ya bahari, wa bonde la mto na wa halmashauri. Lengo ni kuandaa mpango mmoja wa kurudisha mikoko, majani ya bahari, matumbawe na samaki wake kwenye pwani yote ya mkoa. Nimelifurahia hili sana, maana tumechoka kuhifadhi vipande vipande. Huku sisi tunalinda, ng'ambo ya ghuba wenzetu wanakokota juya, na samaki hajui mpaka wa mtaa uko wapi.

Kila eneo limetakiwa kupeleka mapendekezo yake. Sasa kwenye kikao cha utangulizi ilitandikwa ramani kubwa mezani. Mikoko imepakwa kijani, matumbawe rangi ya waridi, makazi kijivu. Pale katikati, baina ya mikoko na mwamba, pameachwa peupe. Nikauliza hapa pana nini. Kijana aliyeileta ramani akanijibu kwa heshima tu, "Hapo hakuna kitu, mama, ni mchanga."

Ndugu zangu, pale peupe ndipo tunaposhinda sisi wanawake. Ndipo yalipo majani ya bahari, na tasi wadogo wakiyatafuna. Ukipita polepole unaona mashimo ya pweza, mlangoni amejipangia vijiwe na maganda ya kaa aliyemla usiku. Kuna kome na chaza, na vigingi vyetu vya mwani viko pale. Watoto wa Tongoni wameenda shule kwa sehemu hiyo nyeupe. Niliomba kalamu nikaandika juu yake kwa mkono, lakini sijui kama maandishi yangu yataingia kwenye ramani itakayochapwa.

Mezani yapo mawazo matatu na fedha haitoshi yote. Wa kwanza wanataka tupande mikoko, kila kijiji kipewe idadi ya miche. Wa pili wanataka tufunge miamba kadhaa isivuliwe. Wa tatu wanasema tunajisumbua bure kama tope la mto halijashughulikiwa huko juu.

Wa kwanza ndio wengi, na ndio wanaonitia wasiwasi. Miaka ya nyuma ulikuja mradi mmoja hapa jirani, tukapanda miche ya mkoko kwenye tope la wazi mbele ya mikoko iliyopo. Tulifanya kazi kwa moyo. Kaskazi haijaisha, miche mingi ilikuwa imelala. Watu waliambiwa hawakuitunza, na neno hilo limewakaa moyoni mpaka leo. Ukiwaita tena kupanda wanakuuliza, "Tukalaumiwe mara ya pili?"

Kwa hiyo naomba wenye ujuzi: miche ile ilikufa kwa nini? Mwamba ukifungwa, jirani asiyefunga tunamfanyaje? Na hilo eneo jeupe nilitetee vipi mbele ya wataalamu?


BwanaMisituMstaafu:

Waalaikum salaam, Katibu. Pole na kazi. Mimi ni bwana misitu mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mikokoni, Mkinga na Pangani. Ya mwamba nawaachia wavuvi. La mikoko nitalisema kwa urefu kwa sababu limeniuma miaka mingi.

Waambie watu wako kwamba miche haikufa kwa kukosa matunzo. Ilipandwa mahali ambapo mikoko haioti. Siku maji yametoka, simama ukingoni baharini uanze kutembea kuelekea nchi kavu, utaona miti imejipanga yenyewe. Mbele kabisa ni mlilana, unaolowa kila maji yakijaa. Nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake ya kupinda, ukichanganyika na msindi. Ukisogea juu zaidi unakutana na mkandaa, ambao maji huufikia vizuri siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Mchu wewe utaukuta mbele na nyuma, ule ni mvumilivu wa chumvi. Kila mti una kiwango chake cha kuzamishwa. Mbele ya mlilana pangekuwa panaotesha, mlilana ungekuwa umeshasogea wenyewe, hausubiri mradi.

Sasa ninyi mlipandishwa mkoko, mti wa katikati, mbele ya mti wa mbele. Mche umekaa majini muda mrefu mno, vidudu vya gamba vimeganda kwenye shina mpaka limeelemewa, wimbi limekuja likaulaza. Hapo hata ungekesha nao usingepona.

Kwa nini miradi inapenda tope la wazi? Kwanza halina mwenyewe wa kugombana naye. Pili, tunda la mkoko ni refu na limeshaanza kuota likiwa juu ya mti, unaliokota unalichomeka, asubuhi moja watu wachache wanamaliza eneo kubwa. Idadi inapatikana upesi na picha inapigwa. Mpango ukipimwa kwa idadi ya miche, miche itapandwa hapo hapo kila mwaka na itakufa kila mwaka. Kikaoni komaa na jambo hili moja: kijiji kisipewe idadi ya miche. Kipewe eneo, na kipimo kiwe eneo hilo lina miti hai kiasi gani baada ya miaka mitatu, mitano.

Ukweli ni kwamba mikoko hurudi yenyewe ikiwa mambo mawili yapo: maji yanaingia na kutoka kama zamani, na miti mama iko karibu ya kutoa mbegu. Pwani yetu miti mama ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya maji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tupande wapi, zungukeni mkiuliza maji yamezibwa wapi. Mtakuta tuta la barabara lisilo na karavati. Mtakuta kijito kilichojazwa kifusi mtu akijenga. Na zaidi ya yote mtakuta majaluba ya chumvi yaliyoachwa.

Hayo majaluba ndiyo ningeyaweka mwanzo wa mpango wenu. Mtu alikata mikoko, akajenga matuta, akavuna chumvi miaka kadhaa, bei ikashuka au akachoka akaondoka. Matuta yamebaki. Bamvua inakuja inagonga tuta inarudi. Ndani ardhi imekauka, imepasuka, juu yake ukoko wa chumvi mweupe. Watu wanadhani ardhi imekufa. Sehemu moja Mkinga tulifungua tuta pale ulipokuwa mkondo wa zamani. Mkondo unauona ukitazama vizuri, umeacha bonde dogo lililopinda hata baada ya miaka. Hatukupanda mti wowote. Bamvua zilizofuata zikaanza kuiosha chumvi. Kisha zikaja mbegu za mchu, zile bapa zenye ngozi laini, zikanasa kwenye majani ya chumvi kandokando ya mkondo. Mbegu ya mchu ikishavua ngozi haichelewi kushika udongo. Ukichuchumaa unaona imeshatoa mzizi na majani mawili manene yamefunguka. Mchu ndio uliotangulia, mkandaa ukaja nyuma.

Tahadhari moja. Msikurupuke kuvunja tuta la mtu. Mikoko yote ya bara ni msitu wa hifadhi wa Serikali, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa Serikali, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu kijiji kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Nendeni kwa njia hiyo. Jaluba lililoachwa linaweza kuwa na mtu mwenye kibali mfukoni, na siku mkianza kufungua atatokea. Ulizeni kwanza, kwa maandishi.

Kupanda kupo mahali pake pia. Pale ambapo miti mama imekwisha kabisa, au ukingo unamomonyoka na mbegu hazishiki, pandeni, lakini aina inayostahili mahali hapo, na mbegu ziokotwe jirani.

Kama kuna atakayeuliza fedha zitatoka wapi, mwoneshe Gazi, hapo Kenya kusini mwa Mombasa. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, mwaka 2013 kwa hekta 117 tu, na fedha zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Baadaye wenzao wa Vanga nao wakaanzisha wa kwao, na Vanga ni mpakani kabisa na Jasini yetu. Kinachowalipa zaidi ni msitu uliosimama usikatwe. Wapenda miche walisikie hilo.


JarifeLaKigombe:

Dada Katibu, nimesoma kwa makini. Mzee kamaliza la mikoko, mimi niseme la mwamba. Navua Kigombe, hapo jirani yako, ingawa kwa ramani ya serikali mimi ni Muheza na wewe ni Jiji. Maji tunavua yale yale.

Jambo la kwanza: mpango wa namna hii hauanzi leo. Kati ya mwaka 1994 na 2007 mkoa wetu ulikuwa na mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakiwa washauri na fedha zikitoka Ireland. Pwani ikagawanywa maeneo sita ya usimamizi wa pamoja: Boma–Mahandakini, Deepsea–Boma, Mwarongo–Sahare, Mtang'ata, Boza–Sange na Mkwaja–Sange. Sisi na ninyi tulikuwa Mtang'ata. Uzuri wake ni kwamba mipaka haikufuata wilaya. Ilifuata nani anavua wapi. Vijiji vinavyotumia miamba ile ile vilikaa meza moja vikakubaliana mwamba upi ufungwe, nani afanye doria, zana gani zisiingie. Katafuteni makabrasha yale kwenye makabati ya halmashauri kabla mtu hajaanza kuchora upya. Mle ndani kuna majina ya miamba kama wazee wanavyoyataja, na kuna historia ya upi ulifungwa na upi ulifunguliwa.

Juu ya kufunga: inategemea unafunga nini na kwa ajili ya nani. Pweza hukua haraka na haishi muda mrefu, umri wake wote ni kama mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ukimwachia miezi mitatu tu, yule wa nusu kilo unamkuta mwingine kabisa. Wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga kwa muda mwaka 2004 na Pemba wamefanya pia. Wanawake wa Tongoni wataona faida ndani ya mwaka huo huo, na hilo linatia watu moyo wa kuendelea na magumu zaidi. Changu na chewa ni hadithi nyingine. Hao wanahitaji miaka, na mwamba wa kudumu usioguswa.

Ila nakuomba uangalie siku ya kufungua. Nimeona mwamba umetunzwa vizuri, siku ya kufunguliwa habari imesambaa mpaka mbali, ngalawa na mashua zimejaa toka alfajiri, wanawake waliolinda kwa miguu wamefika wamekuta maji bado hayajatoka ya kuwatosha na waliokuja na chombo wameshazamia. Kwa hiyo kwenye makubaliano andikeni kabisa: siku za mwanzo ni za wanaotembea kwa miguu, wa vyombo wafuate. Na jirani msimsubiri siku mmemkamata. Mkaribisheni siku ya kuchagua mwamba, awemo kwenye kamati, apate zamu ya doria na haki ya kuvua. Mtu aliyekaa kwenye uamuzi ni mgumu kuuvunja.

Juu ya mabomu, nyote mnajua tulikotoka. Baruti zimepungua sana kuliko miaka ile, lakini mwamba uliopigwa umeacha kifusi. Nikizamia naona vipande vya matumbawe vimelala vimelegea, kila wimbi linavigeuza, kichanga cha tumbawe kikishika juu yake kinasagwa. Sehemu kama hiyo hata ikifungwa miaka haiamki upesi. Lakini pembeni yake kuna mawe makubwa yaliyobaki imara, na hapo matumbawe madogo yameshaota. Wekeni ulinzi hapo kwanza, kwenye kinachoweza kupona.

Na silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, tusimsahau. Tangu mwaka 2003 walipoanza kunaswa Tanzania, wengi hapa Kigombe, mpaka hifadhi ya bahari ikatangazwa mwaka 2009 kwa jina lake, chanzo kimekuwa jarife za papa zinazotegwa kina kirefu. Nimejipa jina la jarife humu kwa kuwa baba yangu aliishi kwa nyavu hizo. Mpango ukitaka jarife zitoke kwenye kina hicho, useme pia mvuvi atavua nini mbadala na kwa zana ipi. Tumeshasikia "acheni" nyingi zisizo na "shikeni hiki".


MtangaUghaibuni:

Shikamooni wakubwa. Kwetu ni Chumbageni, kwa sasa nasoma Plymouth, Uingereza, mji wa pwani. Nachangia kidogo kwa sababu huku wanafanya kitu kinachofanana na hicho, na kipo kipengele ambacho kinamhusu dada Katibu moja kwa moja.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 imeitaka England yote igawanywe na kila eneo liandae mkakati wake wa kurudisha uasili. Maeneo yako 48, hayapishani wala hayaachi pengo. Kila mkakati una vitu viwili: andiko la vipaumbele, na ramani inayoonesha sehemu ambazo tayari ni muhimu na sehemu ambazo zinaweza kuwa muhimu zikishughulikiwa. Haumlazimishi mwenye ardhi. Unasema tu, ukiwa na nguvu au fedha, weka hapa kwanza. Halmashauri zinaongoza kazi, na lazima wananchi waulizwe kabla haujachapishwa.

Hicho kitu cha ramani ya pili nakipenda. Ramani yenu inaonesha kilichopo. Ombeni na ya kinachoweza kurudi, majaluba ya mzee yaingie humo.

Lakini ramani za huku zinaishia kwenye mstari wa maji kupwa. Ukivuka hapo ni mipango mingine ya bahari na ofisi nyingine. Kwa watu wa huku ambao wengi maisha yao yako nchi kavu, huenda mstari huo hauwasumbui. Kwetu mstari huo unapita katikati ya shamba la mwani la mtu! Unakata kati ya mikoko, majani na mwamba, na tasi anavipita vyote vitatu katika maisha yake. Mkichukua mfano wa nje, msichukue na mstari huo.


ShambaLaSigi:

Mimi ni mkulima, niko huku juu Muheza, mto Sigi unapita chini ya shamba langu. Nimefurahi kuona mtu wa pwani anautaja mto, kwa sababu kwenye vikao vyetu mtu wa pwani hatumsikii.

Sigi unashuka toka misitu ya Amani, unafika Mabayani ambako Jiji linachukua maji ya kunywa, unapita Amboni ndiyo unaingia baharini. Mvua za masika zikinyesha kwenye mteremko uliolimwa mpaka kingo za mto, maji yanakuwa mekundu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa mto, lakini kwa mkulima mwenye eka moja na nusu mita 60 ni shamba lote. Waliofanikiwa huku wamepanda mazao ya kudumu sehemu hiyo, karafuu, mdalasini, pilipili manga chini ya miti, na makingamaji yakapandwa majani ya ng'ombe wa maziwa. Mkulima hapotezi, mto unapona. Tunao umoja wa wakulima, UWAMAKIZI, umefanya kazi hiyo kwenye mito ya Kihuhwi na Zigi, ndio huu Sigi. Waalikeni kikaoni. Mpango wa pwani usio na mtu wa Amani una pengo kubwa.

Kaskazini zaidi mna shida nyingine: mto Umba unaanzia Usambara lakini unamwaga Kenya, karibu na Vanga. Hapo watu wa Mkinga lazima wazungumze na jirani.


KatibuTongoni:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru wote. Nimewasomea wenzangu kwa sauti jioni hii tukiwa tunafunga kamba za mwani, walipofika kwenye maneno ya miche kukosa mahali pake mama mmoja ameacha kamba akaniambia rudia. Nimerudia.

La makabrasha ya Mtang'ata kesho nakwenda kuuliza. Na UWAMAKIZI nitawapendekeza kwa maandishi ili isiwe maneno ya mdomoni.

Niulize mawili. Mzee, wewe na wengine mmezungumzia vijiji. Sisi tuko ndani ya Jiji, sisi ni mtaa. Sheria ndogo ya kufunga mwamba tunaitunga vipi? Pili, bado la eneo jeupe. Nimeshika hoja ya tasi na mstari wa maji kupwa, lakini mtaalamu akisema picha yake ya setilaiti haioneshi kitu, nitajibu nini?


BwanaMisituMstaafu:

Marahaba, Katibu. Umeuliza jambo ambalo huwa linakwamisha mipango mingi baadaye. Kijiji kama Kigombe kina nguvu ya kutunga sheria ndogo: Halmashauri ya Kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji unajadili, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kupitishwa. Mtaa hauna nguvu hiyo. Kwenu sheria ndogo ni ya Halmashauri ya Jiji. Kwa hiyo diwani wenu lazima aingie mapema, siyo siku ya kusaini. Mkichelewa, Kigombe watakuwa na sheria na ninyi mna makubaliano ya mdomo, na mvuvi mkorofi atahamia upande wenu wa mwamba ule ule. Njia nzuri ni BMU zote za iliyokuwa Mtang'ata kuandaa mpango mmoja wa usimamizi wa pamoja wa eneo lenu kupitia uvuvi, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake zinaupa nafasi, kisha Muheza na Jiji kila mmoja apitishe sheria yake yenye maneno yale yale. Maneno yale yale kabisa, mpaka tarehe za kufunga.

La picha, muulize kijana swali moja la heshima: picha hii ilipigwa maji yakiwa wapi? Kama maji yalikuwa yamejaa, chombo chake kimepiga picha ya maji.


JarifeLaKigombe:

Niongeze kwenye hilo la mzee. Msibishane na picha ukumbini. Bamvua huku kwetu maji yanatoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, muda wa kazi, hakuna ofisa wa kusema hawezi. Ombeni kikao kihamishwe siku hiyo kiwe Tongoni. Saa tatu muwe mmeshaanza kushuka na kina mama mbele, kijana wa ramani akiwa na simu yake ya kuchukulia alama za mahali. Kila penye majani aweke alama, kila penye vigingi, kila shimo la pweza mtakalomwonesha, na majina ya sehemu ayaandike kama mnavyoyataja ninyi. Watafute watu wa Sahare na Mwarongo wafanye hivyo kwao bamvua hiyo hiyo, mimi nitawaleta wa Kigombe.

Mwambieni avae viatu vya kufunga, mwamba unakata. Na muwe mmegeuka kabla ya saa sita, maji yakianza kurudi pale kwenye mkondo hayasubiri mgeni.